Nimeambiwa mimi si mtu wa kusoma: niache chuo nibaki na kazi?

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 21, nasoma shahada ya biashara, mwaka wa pili. Kuna jibu natakiwa kulitoa kazini kabla ya mwezi huu kwisha, na kila ninayemuuliza ana upande wake tayari.

Tangu mwaka wa kwanza nafanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni, zamu za usiku, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi. Nilianza na zamu mbili kwa wiki ili nilipe kodi ya chumba na nimsaidie mdogo wangu aliye sekondari. Muhula uliopita zikawa tatu: Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi. Na mwenzetu akiumwa au akipata dharura, anayepigiwa simu ni yule asiyekataa, yaani mimi. Kuna wiki nilifanya zamu nne.

Matokeo yametoka. Nina sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, za Takwimu za Biashara na Uhasibu wa Gharama. Masomo mengine, ya Jumatano na Alhamisi, nimepita, na moja nimepata A. Lakini wastani umeshuka vibaya, na nikiteleza muhula huu naweza kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Takwimu ilikuwa Jumanne na Ijumaa saa 2 asubuhi, Uhasibu Ijumaa saa 4. Nilikuwa nahudhuria, ila nikifika nakaa nyuma na mambo yananipita. Baadaye chumbani nafungua madesa, nasoma ukurasa, naurudia, nakuja kushtukia nimeshika simu. Ratiba ya muhula huu nayo ina vipindi vya Jumanne na Ijumaa asubuhi.

Ninayeishi naye chumba kimoja naye anafanya kazi, yuko maktaba ya chuo, na matokeo yake ni mazuri mno. Kwa hiyo siwezi kusema kazi ndiyo imeniponza.

Hivi karibuni nilifanya jaribio la haiba mtandaoni, lile la sifa tano. Nilipata uchangamfu 48, udadisi 63, upole na kupatana na watu 91, wasiwasi 74, nidhamu na utaratibu 22. Hiyo 22 imenikaa kichwani. Maelezo yake yalisema watu wa namba za chini hapo huahirisha mambo, hawamalizi walichoanza, na masomo huwasumbua. Nilimwonyesha kaka yangu, akasema, "Si ndiyo wewe huyo? Kila mtu na riziki yake. Wewe si mtu wa kusoma, wewe ni mtu wa kazi." Hakusema kwa ubaya, anaona nateseka.

Na kweli kazini nasifiwa. Sichelewi. Daftari la makabidhiano nalijaza mpaka meneja huwaonyesha wafanyakazi wapya kama mfano: vyumba vilivyolipiwa, funguo zilizotoka, mgeni wa chumba fulani aamshwe saa 11 alfajiri, bomba la chumba kile linavuja na fundi ameshaambiwa. Sasa meneja ananipa ajira ya kudumu, mchana, siku sita kwa wiki. Mshahara ni mzuri kuliko nilivyotegemea. Nikikubali, chuo basi.

Mwalimu, kama haiba yangu ndiyo hiyo, nang'ang'ania nini? Au nipunguze kazi nijaribu tena? Naomba unijibu wazi, hata kama jibu litaniuma.

Mwanafunzi wa zamu ya usiku

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Meneja usimjibu bado. Ajira anayokupa inaweza kuwa nzuri kweli, na wapo watu wanaoacha chuo kwa sababu wamepata kitu wanachokitaka zaidi, wala hawajuti. Lakini katika barua yako yote hujaniambia kwamba unaitaka kazi hiyo. Umeniambia kwamba huwezi kusoma, kwa hiyo afadhali uichukue. Sababu hiyo siikubali, na anayeipinga ni wewe mwenyewe kwa maelezo uliyoyaandika.

Tazama siku. Ulikesha Jumatatu na Alhamisi. Takwimu ilikuwa Jumanne na Ijumaa asubuhi, Uhasibu Ijumaa. Kila kipindi cha masomo yaliyokushinda kilikukuta umetoka zamu saa chache kabla, hujalala. Masomo yaliyokuwa Jumatano, na Alhamisi kabla hujaingia kazini, umeyapita, na A imetoka humo humo. Mtu ambaye "si wa kusoma" angeshindwa bila kubagua siku. Haiba ya mtu haibadiliki kati ya Alhamisi mchana na Ijumaa asubuhi, ila uwezo wa kichwa kushika jambo hubadilika kabisa mtu akikosa usingizi. Na hasara huwa mara mbili: aliyekesha hashiki vizuri anachofundishwa asubuhi, na hata alichokisoma jana yake kinakosa nafasi ya kutulia, kwa sababu ni usingizini ubongo unapoimarisha sehemu kubwa ya kumbukumbu mpya.

Sasa hiyo 22. Majaribio mengi ya namna hiyo hayatoi maksi kama za mtihani. Namba inaonyesha unasimama wapi ukipangwa na watu wengine waliojibu maswali hayohayo, yaani kati ya watu 100 umewapita kama 22. Haisemi kwamba una nidhamu robo. Haisemi pia kwamba utabaki hapo.

Sitakuficha, sifa hiyo ina uzito. Kati ya zile tano, nidhamu na utaratibu ndiyo inayoandamana na matokeo ya masomo kuliko nyingine zote. Mwaka 2009 mtafiti Arthur Poropat alichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi zenye wanafunzi zaidi ya 70,000 kwa jumla, na akaona kwamba mchango wa sifa hiyo unasimama peke yake, hautokani na mtu kuwa na akili nyingi. Sifa nyingine, kama uchangamfu na wasiwasi, kwa wanafunzi wa chuo zilikuwa na uhusiano mdogo mno. Kwa hiyo maelezo uliyosoma hayakutungwa.

Lakini ukubwa wa uhusiano huo ni muhimu, na hapo ndipo tovuti hizi zinapowaacha watu njiani. Uwiano aliouona, yaani kipimo cha jinsi mambo mawili yanavyoandamana, ulikuwa karibu 0.2, kwenye mizani inayofika 1. Ukiuzidisha kwa wenyewe unapata 0.04, na maana yake ni kwamba katika tofauti zote za alama zilizopo kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, sifa hiyo inaeleza kama asilimia 4. (Utakutana na hesabu hii kwenye sapu yako ya Takwimu, ishike.) Asilimia 96 inabaki kwa mambo mengine: msingi wa sekondari, saa za kusoma, namna ya kusoma, afya, usingizi, fedha, mwalimu. Kwa kundi la maelfu ya watu, asilimia 4 ni habari kubwa. Kwa msichana mmoja anayeamua aache chuo au asiache, ni kidogo mno kuiachia neno la mwisho.

Halafu kuna swali la wapi nidhamu hiyo ilipimwa. Majaribio haya huuliza kwa jumla: huwa unaacha vitu ovyo? huwa unaahirisha kazi? Wewe ulipojibu, nina hakika ulikuwa unakifikiria chumba chako na yale madesa. Mwaka 1995 kundi la watafiti nchini Marekani lilifanya jambo dogo: lilichukua maswali ya kawaida ya haiba likayaongezea maneno "shuleni". Majibu ya wanafunzi yalibadilika, na yakalingana na alama zao kuliko yale ya jumla. Mtu yuleyule hujibu tofauti akiulizwa kuhusu mahali tofauti. Chukua lile jaribio, kila swali la nidhamu liongezee neno "kazini", ujibu upya. Mtu asiyechelewa zamu ya saa 3 usiku, na ambaye daftari lake linatumika kufundishia wengine, hatapata 22.

Kaka yako ameliona hilo, ila amelisoma vibaya. Ameona una nidhamu kazini na huna chuoni, akahitimisha wewe ni mtu wa kazi. Mimi naona nidhamu unayo, na kazini kuna vitu vinavyoiita itoke. Zamu ina saa ya kuanza. Kuna mtu amechoka anasubiri umpokee. Kuna daftari lenye mistari ya kujaza. Usipomwamsha mgeni saa 11, saa 12 anakugombeza. Chumbani mbele ya madesa hakuna hata kimoja cha hivyo. Hakuna saa, hakuna anayekusubiri, na ukiacha leo hakuna anayejua mpaka matokeo yatoke baada ya miezi minne. Watafiti Erik Noftle na Richard Robins mwaka 2007 walionyesha kwamba nidhamu hufika kwenye alama kwa kupitia juhudi anazoweka mwanafunzi na anavyojiona kuwa anaweza. Njia ndiyo hiyo, na njia inaweza kutengenezwa hata kama tabia ya jumla bado iko chini.

Umesema kazi haikukuponza kwa sababu mwenzako wa chumbani anafanya kazi na anafaulu. Hapo ninakupinga. Kazi ya maktaba ya chuo ipo palepale anaposomea, inafuata kalenda ya chuo, na yeye hapandi kitandani saa moja asubuhi. Tangu mwaka 1993 Alexander Astin, aliyewafuatilia wanafunzi wengi sana wa vyuo vya Marekani, alionyesha kwamba kazi ya saa chache ndani ya chuo huenda pamoja na kumaliza shahada, na kazi ya kutwa nje ya chuo huenda kinyume chake. Kusema "wote tunafanya kazi" kunaficha tofauti hiyo yote.

Kuhusu saa zenyewe, kuna chuo kimoja Kentucky, Marekani, kiitwacho Berea, ambacho hakitozi ada lakini kila mwanafunzi lazima afanye kazi walau saa 10 kwa wiki. Wachumi wawili, Todd na Ralph Stinebrickner, walikitumia kuchunguza jambo ambalo ni gumu kulichunguza kwingine. Kwa kawaida wanaofanya kazi nyingi si watu sawa na wanaofanya kidogo. Wengine wana shida zaidi, wengine wana bidii zaidi kwa kila kitu, kwa hiyo ukiwalinganisha tu unaweza kudanganyika. Pale Berea wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupangiwa kazi, hawachagui. Baada ya kuuondoa utata huo, katika utafiti wa mwaka 2003, walikuta kwamba saa zaidi za kazi zinashusha alama.

Miaka mitano baadaye wakarudi na swali la pili, ambalo nalipenda sana. Waliwatazama wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliopangiwa vyumba bila kuchagua wa kuishi naye. Baadhi yao mwenzao alikuja na mashine ya michezo ya video. Waliopangiwa na mwenye mashine walisoma muda mfupi zaidi, na alama zao zikawa chini. Hawakuwa na haiba tofauti na wenzao, wala hawakuchagua kukaa na mwenye mashine. Kwa hesabu yao, saa moja zaidi ya kusoma kwa siku ilipandisha GPA, yaani wastani wa alama, ya muhula wa kwanza kwa takriban 0.36 kwenye mizani ya 4. Nakutajia hili kwa sababu unaamini una kasoro ndani yako, na huu ni ushahidi kwamba kitu kilichoko chumbani tu kinatosha kushusha alama za mtu wa kawaida kabisa.

Zamu tatu za saa 9 ni saa 27 kwa wiki. Ukimshikia mtu moja, 36. Tafiti za wanafunzi wa mwaka wa kwanza huko Marekani, kama ile ya Gary Pike na wenzake ya mwaka 2008, zimekuta kwamba wanaozidi saa 20 kwa wiki ndio wenye alama za chini, hata baada ya kuzingatia hali zao nyingine. Sisemi saa ya 21 ina sumu. Nasema uliko wewe ni mbali na mpaka huo, tena usiku. Ulipokuwa na zamu mbili, saa 18, barua yako haitaji tatizo lolote.

Sasa tuje kwenye namba uliyoipita haraka, 91. Upole na kupatana na watu. Wewe umeiona 22 kama mkosaji, mimi ningeitazama 91. Sifa hiyo haishushi alama za mtu, na ni sifa njema, watu wanakupenda kwa ajili yake. Lakini zamu ya tatu iliingiaje? Na ya nne? Uliombwa, ukakubali. Mwenzako aliumwa, ukashika. Haiba yako imegusa masomo yako kwa mlango huo: imeongeza saa za kazi, na saa ndizo zilizokula usingizi, na usingizi ndio uliokula Takwimu. Ukijilaumu uvivu utahangaika na kitu ambacho hakipo, huku simu inaendelea kuita.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kuongea na meneja, kabla hajapanga ratiba ya mwezi ujao, ana kwa ana, wakati ambapo hana wageni mbele yake. Usiende kulia shida, nenda na pendekezo. Unaweza kusema hivi: "Bosi, nashukuru sana kwa nafasi uliyonipa, na imenipa moyo. Kwa sasa naomba nimalize shahada, kisha tuizungumze tena. Naomba nibaki na zamu mbili, Ijumaa na Jumamosi usiku, mwaka mzima, hata sikukuu. Jumatatu na Alhamisi nina vipindi kesho yake, sitaweza." Unampa kitu anachokihitaji, kwani mwishoni mwa wiki ndipo watu wengi hawataki kukesha, nawe unapata Jumapili yote ya kulala. Mtu aliyetaka kukuajiri moja kwa moja hatakufukuza kwa ombi la namna hiyo. Akikataa kabisa, utakuwa umejua kitu kuhusu ajira aliyokuwa anakupa.

Simu za dharura zinahitaji jibu lililoandaliwa mapema, kwa sababu mtu mpole akipigiwa ghafla hukubali kabla hajafikiri. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amefanya kazi kubwa juu ya mipango ya aina ya "likitokea hili, nitafanya lile". Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran waliunganisha tafiti 94 wakakuta mipango hiyo inawasaidia watu kutimiza walichokusudia, tena kwa kiwango cha kuonekana wazi. Yako iwe hii: mtu akinipigia nimshikie zamu, nitasema, "Pole sana. Ngoja niangalie ratiba ya darasa, nitakujibu baada ya saa moja." Basi. Ukikata simu ndipo ufungue ratiba. Kama kesho yake kuna kipindi cha asubuhi, unatuma ujumbe mfupi: samahani, siwezi. Huna haja ya kueleza zaidi, na usieleze, kwani ukieleza utajadiliwa.

Najua fedha. Zamu ya tatu ikitoka, mapato yanapungua theluthi, na kuna mdogo wako. Hapo kaka yako anaingia. Kama ana uwezo wa kukushauri uache chuo kwa sababu anaona unateseka, muombe kwa heshima abebe sehemu ya mdogo wenu mpaka umalize, na mpe tarehe ya kumaliza ili ajue mzigo una mwisho. Uliza pia chuoni kuhusu kazi kama ya mwenzako. Mwambie akupeleke kwa anayezigawa. Na kama baada ya yote hayo zamu tatu haziepukiki, basi punguza masomo ya muhula huu ikiwa kanuni zenu zinaruhusu. Utachelewa kumaliza, ndiyo. Kuchelewa muhula mmoja au miwili ni jambo dogo kuliko kudisko. Hayo yote muone mshauri wako wa taaluma kabla hujafanya sapu. Wengi huenda wakati barua ya kudisko imeshatoka.

Sasa kusoma kwenyewe. Chukua kitu unachokiweza kuliko wote pale kazini, daftari la makabidhiano, ukihamishie chumbani. Nunua daftari moja, liwe la kazi hiyo tu. Kila ukimaliza kusoma, kabla hujainuka, andika makabidhiano kwa anayeingia zamu inayofuata, ambaye ni wewe wa kesho: nimefikia wapi, kipi sijakielewa, na kitu cha kwanza cha kufanya ukikaa. Kiwe kidogo na cha kushikika. Usiandike "soma uwezekano". Andika "fanya swali la 3 la testi ya mwaka jana, bila kutazama majibu". Umeniambia unafungua ukurasa, unaurudia, unajikuta na simu. Ni kwa sababu unaanza kila siku bila kupokea zamu kutoka kwa mtu. Kazini hungekubali kuingia hivyo. Pangia vikao hivyo saa maalumu, na mwombe mwenzako wa chumbani mwende maktaba pamoja saa hizo, ili kuwe na mtu anayekusubiri.

Na acha kurudia kusoma kurasa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walivisoma tena, wengine walifunga karatasi wakajaribu kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojijaribu ndio walioongoza. Kurudia kunakupa hisia kwamba umeelewa, na hisia hiyo inakwisha kabla ya mtihani. Kwa mtu mwenye saa chache kama wewe, hili ndilo badiliko lenye faida kubwa kuliko yote niliyoyataja kuhusu kusoma. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika. Usiku wa zamu, wageni wakishalala, usianze mada mpya. Jiulize maswali ya mada ulizokwisha kuzisoma mchana, na ukisinzia acha.

Kuhusu kubadilika kwa haiba, kwa kuwa umeuliza kama "ndiyo hiyo". Si hiyo tu milele. Uchambuzi wa Brent Roberts na wenzake wa mwaka 2006, uliotumia tafiti 92 zilizowafuatilia watu kwa miaka, unaonyesha nidhamu na utaratibu huongezeka kwa wastani, hasa kati ya miaka 20 na 40. Wewe una 21. Nathan Hudson na Chris Fraley walionyesha mwaka 2015 kwamba wanafunzi waliokusudia kubadilika walibadilika kidogo ndani ya wiki 16, na utafiti uliofuata mwaka 2019 uliongeza jambo la maana: waliotimiza vitendo vidogo walivyojipangia ndio waliosogea. Kutamani peke yake hakukutosha.

Wasiwasi wako wa 74 nauona katika barua, na baada ya matokeo kama hayo nani asingekuwa nao. Lakini kama hata usiku usio wa zamu usingizi haukuji, au unaamka na moyo unaenda mbio, nenda kwa mshauri nasaha wa chuo. Usisubiri sapu ziishe.

Ukifanya haya na mwisho wa muhula bado ukasema, "Mwalimu, ninaitaka ile kazi, naipenda kuliko biashara ya darasani," nitakuunga mkono na nitamwandikia kaka yako mwenyewe. Utakuwa umechagua ukiwa umelala usingizi wa kutosha. Kwa sasa tafuta tarehe za sapu zote mbili, na siku hiyohiyo mpe meneja ombi la maandishi la kutopangiwa zamu usiku wa kuamkia mitihani hiyo, pamoja na usiku uliotangulia. Ombi liwe limeshatiwa saini kabla ratiba haijabandikwa ukutani.